Tulijenga Kwenye Kiwanja cha Kuazimwa



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunaomba ruhusa yenu, wasomaji wetu, na hasa nyinyi akina mama, wiki hii tuzungumze jambo lililotokea nyumbani kwetu. Huenda limefika nyumbani kwenu pia, au liko njiani.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, binti yetu aliyeolewa Maskati alitupigia simu. Alikuwa na siku nne tangu ajifungue mtoto wake wa kwanza. Hakutaka pesa, wala hakutaka kitu cha kupelekewa kwa ndege, alitaka sauti. Alitaka tumpelekee maneno ya bibi yake, marehemu mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyoyasema siku moja ukumbini kwetu kuhusu arobaini ya mzazi: uji wa pilipili manga unavyopikwa, mzazi anavyokandwa, mtoto anavyoogeshwa na kusomewa anapolia usiku bila sababu ya kuonekana. "Baba," alisema, "nakumbuka ulimrekodi. Nataka nimsikie yeye mwenyewe."

Tulimjibu kwa uhakika kuwa atayapata kabla hajalala.

Uhakika huo ulikuwa na msingi wake. Tangu mwaka 2017 tulikuwa na desturi ya kumrekodi mama kwa simu tulipoketi naye baada ya Alasiri. Mara alisimulia ukoo, nani alizaa na nani na nani alihama kutoka Lamu akaja Mombasa; mara aliwausia wajukuu; mara alisoma uradi wake bila kujua kuwa tunamsikiliza. Simu yetu ilikuwa na programu iliyopeleka nakala ya kila sauti kwenye hifadhi ya mtandaoni, na hifadhi hiyo ilikuwa ya bure. Simu ya kwanza iliibwa ndani ya matatu. Tuliponunua nyingine tukaandika jina letu na neno la siri, na sauti zote zikarudi kana kwamba hapakuwa na mwizi. Tangu siku hiyo tukaiamini hifadhi ile kama wazee wetu walivyoliamini sanduku la mvule lenye kufuli. Ndipo simu ya pili ilipotuponyoka mkononi ikatumbukia ndani ya birika la msikiti, mwezi mmoja baada ya mama kufariki, hatukusikitika sana. Fundi alitwambia hakuna kinachoweza kutolewa ndani yake. Tukamjibu kuwa si neno, vitu vyetu viko salama.

Usiku ule tulifungua hifadhi tukashuka na orodha ya sauti mpaka mwisho. Sauti ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa Safar. Mama alifariki mwezi wa Rajab. Miezi mitano ya mwisho wa uhai wake haikuwemo, na maneno ya arobaini yalikuwa ndani ya miezi hiyo.

Sababu yake ilikuwa nyepesi mno. Nafasi ya bure ilikuwa imejaa. Wenye hifadhi waliacha kupokea sauti mpya, wakatuandikia kuwa anayetaka nafasi zaidi atalipa kila mwezi. Tulizitafuta barua zao tukazikuta ziko kumi na moja, zimepangana, na hata moja hatukuifungua kwa kudhani ni matangazo ya biashara. Malipo waliyoyataka kwa mwezi hayakufika bei ya kilo mbili za sukari.

Tulikasirika. Kwanza tuliwakasirikia wenye hifadhi, tukasema maneno ambayo hayapendezi mdomoni mwa mtu wa umri wetu. Kisha, na hili tunaliandika kwa haya, tulimgeukia ahali yetu tukamwuliza kwa sauti ya juu kwa nini hakutukumbusha, ilhali yeye ndiye ajuaye mambo ya simu. Hakupandisha sauti yake. Alisema tu: "Mwalimu, nilikwambia mara mbili. Mara ya pili ilikuwa wiki ya Maulidi. Ulinijibu kuwa cha bure hakilipiwi."

Tulinyamaza. Lilikuwa neno letu hasa, na tulikumbuka hata mahali tulipokuwa tumeketi tulipolisema.

Siku zilizofuata tulitambua kuwa hasira hii si yetu peke yetu. Darsa yetu ya akina mama ya kila Jumamosi ilianza kusomeshwa kwa njia ya mtandao mwaka 2020, misikiti ilipofungwa kwa sababu ya korona, na haikurudi tena ukumbini kwa kuwa ilikwisha kupata wanafunzi Malindi, Lamu na hata ng'ambo. Chombo tulichokitumia kilikuwa cha bure. Siku hizi muda wa bure umefupishwa, ukifika hukatika, na zaidi ya mara moja umekatika akina mama wakiwa wameinua mikono kuitikia dua. Bibi mmoja wa Mji wa Kale alitwambia: "Sheikh, hawa ni kama mwenye duka anayempa mtoto peremende mpaka azoee, kisha siku moja anamwambia akalete pesa kwa mamake." Mwenzake auzaye madera na mabuibui alilalamika kuwa zamani kila aliyefuata ukurasa wake aliziona nguo zake, na sasa haonekani mpaka alipie tangazo. Wa tatu alitupelekea ule ujumbe maarufu unaodai kuwa WhatsApp itaanza kutoza pesa kesho, na kwamba atakayeusambaza kwa watu kumi hatatozwa.

Ujumbe huo tuuweke kando kwanza, kwa kuwa Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tuichunguze habari kabla hatujaitenda. Kutozwa au kutotozwa hakutegemei idadi ya watu uliowasumbua. Na ukweli wa WhatsApp ni kinyume cha uvumi: zamani, katika nchi nyingi ilikuwa na ada ya takriban dola moja kwa mwaka baada ya mwaka wa kwanza, na ni mwezi wa Januari 2016 ndipo ada hiyo ilipoondolewa, baada ya kampuni hiyo kununuliwa na Facebook mwaka 2014. Kwa hiyo kulikuwa na malipo kabla ya bure, na bure ilikuja na mwenyewe mpya mwenye njia nyingine ya kupata pesa.

Lakini vingine vimekwenda njia ambayo akina mama wanaiogopa. Mwaka 2013 Flickr, mahali pa kuhifadhi picha, iliwapa watumiaji wake nafasi ya terabaiti moja bure, nafasi ambayo familia ya kawaida haiwezi kuijaza. Mwishoni mwa mwaka 2018 mwenyewe mpya alitangaza kuwa asiyelipa hatazidisha picha 1,000, na kwamba zitakazozidi zitafutwa. Google nayo ilifungua nyumba ya picha mwaka 2015 ikakaribisha watu waweke bila kikomo. Tarehe 1 Juni 2021 kikomo kikaja, na picha mpya zikaanza kuhesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 ambazo kila mwenye akaunti hupewa. Facebook iliandika mlangoni pake kwa miaka mingi kuwa ni bure na itabaki hivyo daima; mwaka 2019 maneno hayo yakaondolewa. Mwezi wa Novemba 2023 ikaanza kuwauzia watu wa Ulaya huduma isiyo na matangazo, kwa yuro 9.99 kwa mwezi kwa anayetumia kompyuta.

Katika darsa iliyofuata, bibi yule wa Mji wa Kale alituuliza mbele ya wenzake: "Sheikh, hii si dhulma?" Tulimwomba wiki moja ya kutazama.

Tulikwenda kwenye kitabu ambacho sisi na wengi wa rika letu tulikisomeshwa tukiwa vijana wa madrasa, nacho ni Minhaj cha Imam Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 1277. Imam hakuiona simu wala hakuiota. Lakini milango aliyoipanga, ya biashara, ya kukodisha, ya kuazima na ya kupeana, ni milango ambayo watu hawajaacha kupita humo mpaka leo. Tulijiuliza: tulichopewa kilikuwa nini hasa?

Kama kilikuwa hiba, yaani zawadi, basi mtoaji hana haki ya kugeuka. Katika madhehebu yetu ya Shafi, hiba ikishashikwa na mpewaji kwa ruhusa ya mtoaji huwa ni mali ya mpewaji, na hakuna awezaye kuirudisha isipokuwa mzazi aliyempa mtoto wake. Lakini je, tulishika nini? Hatukupewa sanduku tukalileta nyumbani. Tuliambiwa tu: wekeni vitu vyenu kwangu. Nafasi haikuwa yetu hata siku moja.

Basi lililo karibu zaidi ni ariya, yaani kuazima. Mama mwenye sufuria kubwa za pilau humwazima jirani mwenye arusi. Jirani anapika, anasugua, anarudisha. Sufuria haijabadilisha mwenyewe. Na hukumu ya ariya kwa asili yake ni kuwa aliyeazima anaweza kukitaka kitu chake wakati wowote, na mwenye kuazimwa anaweza kukirudisha wakati wowote. Hapa wenyeji wa Mombasa hawahitaji mwalimu wa kuwafafanulia. Kuna watu pale Majengo ambao nyumba ni zao, wamerithi kutoka kwa baba na babu, lakini kiwanja kilicho chini ya nyumba ni cha mtu mwingine, na kwa mwenye kiwanja hulipa kodi. Mtu wa Majengo anajua hata usingizini ni kipi chake na ni kipi si chake. Sisi wa mtandaoni tulijenga nyumba nzima, tukatia milango na mapazia, na hata siku moja hatukuuliza kiwanja ni cha nani.

Hata hivyo Imam hakumwacha mwenye kiwanja afanye atakavyo, na hapa ndipo tulipovua miwani tukaketi kitako. Anataja kuwa aliyeazima ardhi yake azikwe mtu ndani yake, akishazikwa, hawezi kuirudia ardhi hiyo mpaka athari ya maiti iishe. Haki ya kumiliki ipo, lakini heshima ya aliyelazwa pale imetangulia. Kisha anataja aliyeazima shamba kwa kulima. Mkulima akishapanda, na mwenye shamba akabadilisha nia kabla mazao hayajawiva, haruhusiwi kuyang'oa. Sharti ayaache mpaka yavunwe. Lakini tangu alipobadilisha nia anastahiki ujira wa shamba lake. Na ikiwa walikubaliana muda, na mkulima akachelewa kupanda kwa uzembe wake mwenyewe mpaka muda ukapita na mazao bado mabichi, hapo mwenye shamba ana haki ya kung'oa bila kulipa kitu.

Jumamosi tulimjibu bibi yule kwa hayo, tukaeleza kuwa ni kufananisha tu wala si fatwa. Tulisema: kutaka ujira si dhulma. Mwenye shamba amebadilisha nia, na kuanzia leo anataka kodi. Anayeona kodi ni kubwa avune aondoke. Dhulma ni kung'oa mazao ya mtu yakiwa mabichi: kufuta vitu vyake bila muda, au kumzuia kuvichukua mpaka alipe, au kumpa habari kwa namna ambayo haimfikii. Na mkulima ambaye ameambiwa, akapewa muda, akaketi, hana wa kumlaumu.

Bibi alituuliza: "Na wewe, Sheikh, ni mkulima gani katika hao?"

Akina mama walicheka. Nasi tulicheka, lakini jibu tulikuwa nalo. Barua zile ziliandikwa kwa Kiingereza na zikachanganywa na matangazo. Hiyo ni kasoro ya mwenye shamba, na hatumwachilii. Lakini zilikuwa kumi na moja, na juu yake mtu wa nyumbani kwetu alitukumbusha kwa Kiswahili, mara mbili, akiwa ameketi mkekani mbele yetu. Sisi ni yule wa mwisho.

Kuna jambo jingine ambalo hasira ilitusahaulisha. Tunasema "bure", lakini je, tulikuwa hatulipi kweli? Mwezi wa Novemba 2020 jarida moja la Marekani lilifichua kuwa Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na kibla iliyokuwa imepakuliwa mara zaidi ya milioni 98 duniani, ilikuwa ikipeleka habari za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni moja ya kununua na kuuza habari kama hizo, na kwamba miongoni mwa wateja wa kampuni hiyo walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kuwa wameukata uhusiano huo. Lakini fikiria, dada yangu: mtu anafungua simu alfajiri ajue kibla kiko wapi, na pale pale anajulikana yeye yuko wapi.

Mtume (S.A.W.) alikataza biashara ya gharar, yaani ile ambayo ndani yake kuna kufichana, mtu asijue anauza nini wala ananunua nini. Kwa hiyo kwa maoni yetu, anayetwambia leo waziwazi kuwa nafasi hii ni shilingi kadhaa kwa mwezi, ichukue au iache, ametuheshimu kuliko aliyetuambia jana kuwa ni bure huku akijilipa kwa mkono wa nyuma. Kodi ya wazi huipangia bajeti. Kodi ya mficho huijui mpaka siku ulipojulikana wewe.

Jambo la tatu lilitoka kwa mmoja wa vijana wetu wa madrasa, kijana mwema, mwepesi wa akili. Alitujia na suluhisho la darsa: alikuwa amepata ile programu ya kulipiwa ikiwa imevunjwa kufuli na watu wasiojulikana, na aliahidi kuwa haitakatika hata tukisoma mpaka alfajiri. Kama hilo hatulitaki, alisema, atatufungulia akaunti nyingi za majaribio kwa majina ya uongo, kila mwezi jina jipya. Alitaka kutusaidia, na tulimshukuru kwa nia yake. Kisha tulimuuliza kama angekubali kutuletea jiko la msikiti lililovunjwa dukani kwa mtu, kwa hoja kuwa mwenye duka ni tajiri na hatajua. Alikataa. Tukamwambia kuwa tumefunzwa na Mtume wetu kwamba Waislamu husimama juu ya masharti waliyoyakubali. Kile kitufe cha kukubali tunachokibonyeza bila kusoma ni masharti. Darsa ya kufundisha amana haiwezi kusomeshwa ndani ya nyumba ya wizi.

Basi tulifanya nini? Akina mama wenyewe ndio waliofanya. Wanawake wa pwani hawakuanza leo kuchangishana. Vyama vyao vimepeleka watu hospitali, vimesomesha watoto na vimelipa karo kabla ya sisi wanaume kumaliza kuzungumza barazani. Walihesabu ada ya chombo cha darsa kwa mwezi, wakaigawa kwa idadi yao, na fungu la kila mmoja likawa chini ya bei ya chapati mbili. Wasiokuwa nacho walilipiwa na wenzao bila kutajwa. Tangu hapo dua zetu hazijakatika. Na tuliona jambo la ajabu kidogo: wanafika mapema zaidi kuliko walipokuwa wakisoma bure.

Nyumbani tumeweka utaratibu ambao tunauandika hapa huenda ukamfaa msomaji. Kila mwezi muandamo tunafungua hifadhi zetu za mtandaoni, tunatazama nafasi iliyobaki na kusoma barua zilizoletwa. Tusiyemwelewa tunamwomba kijana atufasirie. Vile ambavyo tukivipoteza tutalia, yaani sauti za wazee, picha za walioondoka, hati za nyumba na vyeti vya watoto, tunavinakili kwenye diski mbili, moja inakaa kwetu na ya pili kwa dada yetu Malindi, ili moto au mwizi asizipate zote mbili. Tumekubaliana kulipia hifadhi moja tu, na nyingine tumezivuna tukazifunga. Nywila zimeandikwa kwenye daftari linalokaa pamoja na wasia wetu, kwa kuwa aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imekuja kutufunza tuandike mambo ya kudaiana na tusichoke, yawe madogo au makubwa. Mtu akifa na neno la siri limo kichwani mwake tu, amezikwa nalo.

Wala hatusemi kuwa kila cha bure ni mtego. Wazee wetu waliweka wakfu visima, mashamba na nyumba, na misikiti yetu mingi ya pwani imesimama kwa mapato ya wakfu hizo. Maji ya birika ni bure kwa anayetawadha kwa sababu yuko aliyelipa zamani akaweka nia. Hata huko mtandaoni kuna mfano wake: Wikipedia, iliyoanza mwaka 2001 na iliyo na sehemu yake ya Kiswahili, haina matangazo ya biashara na haimtozi msomaji, kwa kuwa huendeshwa na shirika lisilo la faida kwa michango ya watu. Bure ya kweli ni ile ambayo unajua nani aliyeilipia na kwa nini. Kila tunapokutana na bure, hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kubisha hodi.

Imebaki habari ya binti yetu, na tunajua akina mama wataiuliza.

Tulimwambia ukweli usiku ule ule. Alinyamaza, kisha tukasikia analia. Kesho yake alitupelekea jumbe saba za sauti ambazo bibi yake alimtumia yeye mwenyewe katika ile miezi mitano, naye alizihifadhi kwenye simu yake. Ni za kumjulia hali, na moja ya kumuonya asikae na nywele mbichi penye upepo. Jirani yetu alituletea nyingine mbili. Hizo tisa ndizo tulizonazo. Maneno ya arobaini hatukuyapata, na hatutayapata.

Lakini jioni ya siku hiyo ahali yetu alichukua simu akampigia binti yake. Sisi tulikuwa ukumbini na kitabu mkononi. Tulimsikia akimweleza uji unavyopikwa, pilipili manga inavyotwangwa na kwa kiasi gani, mzazi anavyokandwa na asubuhi gani asiguse maji ya baridi. Alieleza kwa mpangilio ule ule, na mara nyingine kwa maneno yale yale tuliyoyakumbuka. Tulishangaa, kisha tukajishangaa wenyewe kwa kushangaa. Yeye ndiye aliyeuguzwa na mama yetu katika arobaini nne. Aliyasikia yote kabla hatujamiliki simu hata moja. Binti alimwomba arudie, akarudia. Aliposoma ile dua ya mtoto anayelia usiku tulisikia kwa mbali mtoto akilia kweli, na mama na binti wakacheka pamoja.

Alipomaliza tulimwomba radhi kwa ile sauti ya juu ya usiku uliopita. Alisema amekwisha kusamehe, ila tuhakikishe safari hii tumerekodi. Tulikuwa hatujarekodi. Tumepanga kuketi naye Jumapili baada ya Alasiri, inshaallah, na nakala ya kwanza itakwenda Malindi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awahifadhi watoto wetu walio mbali, na atujaalie tuwe wenye kusikia tunapokumbushwa na walio karibu nasi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.